Michoro ya Kondoa: usiangalie ukutani tu, angalia na chini

Mtu akishajua tu kwamba nafanya akiolojia huku Dodoma, swali ni lile lile: ile michoro ya Kondoa ina miaka mingapi? Na anataka namba, tena kubwa, maana mitandaoni zinazunguka za kila aina na kila mtu anaongeza sifuri yake. Sasa naomba nieleze kwa utaratibu kwa nini umri wa mchoro wenyewe ni mgumu kuupata, na kwa nini udongo ulioko chini ya mchoro ndio wenye majibu mengi zaidi, maana hapo ndipo kuna jambo linaloniuma sana.

Kwa ambaye hajafika: siyo mapango ya kuingia na tochi, ni miamba mikubwa iliyoinama kwa mbele ikaacha kivuli, na ukuta wa ndani ndio umechorwa. Ipo kwenye milima ya ukingo wa Bonde la Ufa, Kolo, Pahi, Kisese na vijiji vya jirani, na UNESCO iliiingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006 ikikadiria kati ya miamba 150 na 450 yenye michoro. Michoro myekundu ina mistari myembamba, imetulia, unaona twiga, unaona pofu, unaona watu warefu wembamba wenye nywele zilizofumuka. Halafu kuna myeupe, minene, mingi imepakwa kwa vidole, na hiyo inahusishwa na wakulima waliokuja baadaye. Tunajua walikuja baadaye kwa sababu pale zinapokutana, nyeupe imekaa juu ya nyekundu. Hapo umepata nani katangulia, ila hujapata mwaka.

Mwaka tunautafuta kwa radiokaboni. Kila kilichokuwa hai kina kaboni, kikishakufa sehemu ya ile kaboni inapungua kwa mwendo unaojulikana, nusu yake inaisha kila baada ya miaka 5,730 hivi, kwa hiyo maabara wakipima iliyobaki wanajua kimekufa lini, mpaka kufika kama miaka 50,000 nyuma ambapo iliyobaki ni kidogo mno. Tatizo ni kwamba rangi nyekundu ya Kondoa ni udongo wenye chuma, ni jiwe lililosagwa, halijawahi kuwa hai, kwa hiyo kilichoifanya iwe nyekundu hakipimiki kwa njia hii. Kusini mwa Afrika kuna watafiti ambao mwaka 2017 walitoa tarehe za michoro moja kwa moja, ila wao walikuwa na rangi nyeusi yenye mkaa, na mkaa ni mti. Sisi wetu ni mwekundu.

Ndiyo maana tunashuka chini. Kule Kisese kuna mwamba tunaouita Kisese II, mwanaakiolojia Mary Leakey alichimba pale mwaka 1951 alipokuwa ananakili michoro ya Kondoa, na mwanaakiolojia mwingine, Ray Inskeep, akaendelea mwaka 1956. Vitu walivyotoa vikakaa makumbusho, na miaka ya karibuni watafiti wakavirudia kwa vipimo vya kisasa. Kilichotoka ni kwamba shanga za maganda ya mayai ya mbuni za pale zimeanza kuonekana kati ya miaka 46,000 na 42,000 iliyopita.

Hizi shanga nikizishika huwa sina haraka. Ni kiduara kidogo, nyingi hazifiki hata sentimita moja, rangi ya maziwa yaliyochacha au kahawia kama imekaa sana kwenye udongo. Unachukua kipande cha ganda, unakitoboa katikati kwa jiwe lenye ncha, halafu unazitunga nyingi kwenye uzi na kuzisugua kwenye jiwe mpaka kingo zinakuwa duara. Kwenye udongo tunakuta na zile zilizopasuka wakati wa kutoboa, yaani unaiona kazi ya mtu ilipoharibikia. Mwishoni mwa 2021 jarida la Nature lilitoa utafiti uliolinganisha shanga zaidi ya 1,500 kutoka maeneo 31 ya mashariki na kusini mwa Afrika, wakaona kwamba kati ya miaka 50,000 na 33,000 iliyopita zinafanana mno, kisha mfanano ukakatika. Watafiti wanasema watu wa huku na wa kusini walikuwa wameunganishwa, mtindo unapita toka kundi moja hadi jingine kwa maelfu ya kilomita, bila gari wala soko. Mtu akiniambia ustaarabu wa kale usome Misri na Ugiriki tu, namwambia asome na hizi shanga.

Ila niwe mkweli, shanga ya miaka 42,000 chini haimaanishi mchoro wa juu una miaka 42,000. Hata vipande vya udongo mwekundu tukivikuta kwenye tabaka la zamani bado siyo ushahidi wa mchoro, watu walijipaka miilini, walipaka na ngozi. Anayeruka kutoka sakafuni kwenda ukutani bila kithibitisho anakudanganya, hata kama ana nia njema na nchi yetu.

Na maana ya michoro je? Hapo tuna bahati ambayo wenzetu wengi hawana, kwa sababu Wasandawe, watu ambao mila zao zinatusaidia kuisoma michoro hii, bado wapo, kule Chemba, Kwa Mtoro na Farkwa, wanaongea lugha yao yenye sauti za kualika ulimi. Kuna mchoro maarufu Kolo wa watu watano, wa katikati ameshikwa huku na huku, Mary Leakey aliusoma kama mwanamke anayegombaniwa. Baadaye watafiti waliokaa na kusoma mila za Wasandawe, hasa ngoma ya simbo ambapo wachezaji wanaingia kwenye hali ya kuwa simba, wakaona michoro kama hii inaweza kuwa watu wanaomshikilia mwenzao aliyepandisha. Mimi nipo upande huu wa pili. Yule mama alifanya kazi kubwa ya kunakili, tunamshukuru mpaka leo, ila ukisoma picha bila kumuuliza jirani wa mwamba utaona unachokijua wewe tu.

Sasa linaloniuma. Kuna stori ya miaka mingi kwamba Wajerumani wakati wanakimbia vita ya kwanza walificha dhahabu na hela kwenye hii miamba na kwamba michoro ni alama za kuonyesha zilipo, basi watu wanakuja usiku na sururu wanachimba chini ya michoro kabisa. Michoro ilikuwepo kabla ya Mjerumani yeyote kukanyaga Kondoa. Na shimo moja tu linatosha, linaleta udongo wa chini juu na wa juu chini, mkaa wa juzi unakaa na shanga ya kale, na maabara hata iwe nzuri kiasi gani itakupa tarehe ya kitu ambacho hujui tena kilikuwa kwenye tabaka gani. Sisi tunachimba kwa mwiko na brashi, sentimita chache kwa siku nzima, kila kitu kinaandikwa kilipotoka, udongo wote unapita kwenye chekecheo. Anayetafuta mali ya Mjerumani anamaliza miaka elfu kumi kwa usiku mmoja na anaondoka mikono mitupu.

Kwa hiyo ndugu zangu wa Kondoa na Chemba, na nyie mnaopita barabara ya Babati mkachepuka Kolo kutembea: ukiona shimo jipya chini ya mwamba wenye michoro, ofisi ya Mambo ya Kale ipo pale pale Kolo, waambie siku hiyo hiyo, maana kuchimba bila kibali kumekatazwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Ukiona shanga au jiwe lililochongwa liko juu ya udongo usiliokote, weka sarafu pembeni, piga picha na simu, kisha uliache lilipo na uwapelekee hiyo picha.