Kutoka meza ya uandishi wa sheria hadi ofisi ya Waziri

Hapa Tanzania, Wakili wa Serikali Daraja la II anaingia kazini na shahada ya sheria na mafunzo ya uanasheria kwa vitendo (Law School). Tangu mageuzi ya 2018, mashtaka yako Ofisi ya Taifa ya Mashtaka, kesi za madai na usuluhishi ziko kwa Wakili Mkuu wa Serikali, na uandishi wa sheria umebaki kwa Mwanasheria Mkuu. Anayetaka siku moja kumsaidia Waziri, mimi humshauri aombe uandishi.

Chukua Muswada wa Sheria ya Fedha, Juni, hapa Dodoma. Kamati ya Bunge imesikiliza wadau, Serikali imekubali kulegeza. Mabadiliko hayo yanaandikiwa jedwali la marekebisho, na hapo ndipo mambo huharibika. Unafuta kifungu cha 14, cha 15 kinakuwa cha 14, lakini cha 32 bado kinasema "kwa mujibu wa kifungu cha 15". Chapa muswada wote. Zungushia kalamu nyekundu kila mahali kifungu kimoja kinapotaja kingine. Kisha kaeni wawili: mmoja asome kwa sauti, mwenzake afuatilie kwenye jedwali. Kompyuta itakuonyesha namba ilipo, haitakwambia kwamba sasa inataja kifungu kingine kabisa. Kagueni na tafsiri za maneno, yaani maana ambazo muswada wenyewe unayapa maneno yake. Kitu kimoja kikipewa majina mawili, mlipakodi atakwenda nacho mahakamani, na ana haki.

Ukiwa Katibu wa Waziri, yaani msaidizi wake ofisini, kabrasha la Bunge ni lako. Jibu la swali la msingi la mbunge huja limeshaandikwa. Kinachomkwamisha Waziri ni maswali ya nyongeza, kwa hiyo ambatisha ukurasa mmoja wa jimbo la muulizaji: fedha iliyotoka, iliyobaki, mkandarasi amefika wapi.

Mtego mkubwa ni Waziri kukuuliza kwenye korido ya Mtumba, Mji wa Serikali hapa Dodoma, "Wakili, hili sheria inaruhusu?" Unaijua sheria, ulimi unawasha. Jizuie. Omba dokezo sabili, yaani maelezo mafupi ya kiofisi ya maandishi, kutoka Kitengo cha Sheria: hoja, kifungu, athari, pendekezo, kurasa mbili zinatosha. Lipite kwa Katibu Mkuu wa Wizara, lipewe folio (namba yake ndani ya jalada), lirudi masjala ndani ya jalada lake. Ushauri wa mdomo hauna folio. Uamuzi ukishtakiwa miaka mitatu baadaye, mawakili watakaoutetea watafungua jalada na kukuta saini ya Waziri peke yake, bila karatasi hata moja inayoeleza aliufikiaje.