Kifaranga Jogoo au Tetea: Tunayoyaamini na Yaliyo Kweli

Kwa anayefuga kuku wachache nyuma ya nyumba, jinsia ya kifaranga ni suala la fedha. Amenunua vifaranga kumi akitarajia mayai, amewalisha miezi mitano, kisha anajikuta na majogoo saba wanaoparuana uani na matetea watatu. Ndiyo maana kila mtaa una mbinu zake za kubashiri mapema. Nyingi ya mbinu hizo hazina kitu, na nyingine huwaua vifaranga, kwa hiyo inafaa tuzipitie.

"Yai lililochongoka hutoa jogoo, la mviringo hutoa jike"

Hii ni kongwe kuliko zote, na hata wazee wa kale hawakuafikiana juu yake. Aristotle, Mgiriki, aliandika kwamba mayai marefu yaliyochongoka ni ya majike. Columella, Mrumi wa karne ya 1, akasema kinyume: anayetaka majogoo amwekee kuku mayai hayo hayo marefu. Wote wawili walikosea.

Jinsia ya kuku hupangwa kabla ganda halijaanza kutengenezwa. Huamuliwa na kromosomu, yaani nyuzi ndogo za urithi ndani ya seli. Jogoo ana kromosomu mbili zinazofanana, ZZ; kuku jike ana mbili tofauti, ZW. Kiini cha yai kinapochomoka kwenye ovari, kiungo kinachotengeneza viini, huwa kimeshabeba Z au W. Baada ya hapo ndipo ute unaongezwa, kisha ngozi nyembamba, kisha ganda, ambalo peke yake huchukua kama saa 20. Umbo la yai linatokana na njia ya uzazi ya mama, ndiyo maana kuku mmoja hutaga mayai yanayofanana wiki hata wiki. Kama umbo lingeonyesha jinsia, basi kuku anayetaga mayai ya mchongoko angeangua majogoo watupu maisha yake yote. Hakuna mfugaji aliyewahi kuwa na kuku wa namna hiyo.

Kuchagua mayai kabla ya kuatamisha kuna faida zake: unaacha yenye nyufa, madogo mno na yaliyopinda. Jinsia haimo.

"Jogoo huyu anazaa majogoo tu, abadilishwe"

Kwa binadamu, baba ndiye anayebeba tofauti. Kwa ndege ni mama. Jogoo hana cha kutoa ila Z, kwa hiyo kumchinja kwa kosa la kuleta majogoo ni kumwonea. Wala mama halaumiki, maana hachagui.

Kinachotudanganya hapa ni uchache wa vifaranga. Jinsia huangukia karibu nusu kwa nusu, lakini nusu hiyo huonekana kwenye mamia, si kwenye kiota kimoja. Piga hesabu ya vifaranga kumi: karibu mara moja katika kila tatu utapata saba au zaidi wa jinsia moja, na hiyo ni bahati tu. Mwenye viota vitatu kwa mwaka lazima kimojawapo kimshangaze siku moja, na hapo ndipo hadithi za jogoo mwenye mkosi zinapozaliwa.

"Ukipandisha joto la mashine unapata matetea"

Joto huamua jinsia kwa mamba na kwa aina nyingi za kasa, na huenda habari hii ilitokea huko. Kwa kuku haifanyi kazi. Mashine yenye feni hutakiwa kukaa karibu nyuzi 37.5 kwa siku 21, na anayepandisha joto kwa makusudi anaua vifaranga ndani ya mayai, wa kike kwa wa kiume.

Sindano inayoning'inizwa kwa uzi juu ya yai, na kifaranga anayeshikwa miguu kichwa chini ili aonekane anajikunja au ananyooka, nazo zimo katika kundi hili. Zinapatia nusu ya mara, sawa na kurusha sarafu, na mtu hukumbuka siku zilipopatia.

"Ukimbana kidogo nyuma utaona"

Hapa nasisitiza, kwa sababu watu huona video ya mtaalamu wakadhani ni jambo la kujaribu jikoni. Njia yenyewe ni ya kweli. Wajapani Masui na Hashimoto waliichunguza na kuieleza katika miaka ya 1920, na mwaka 1927 ikafika Ottawa, Kanada, kwenye mkutano wa dunia wa ufugaji wa ndege. Baadaye wataalamu kutoka Japani walienea duniani wakifanya kazi hiyo kwenye vituo vya kutotolea vifaranga. Aliyebobea huamua jinsia ya vifaranga zaidi ya 800 kwa saa na kukosea wachache sana katika kila mia.

Tatizo ni kile wanachokitafuta. Viungo vya uzazi vya jogoo vimo ndani ya mwili. Kinachoonekana kwenye tundu la haja la kifaranga wa kiume ni kinundu kidogo kuliko kichwa cha pini, na majike wengi nao wana kinundu kinachokaribia kufanana nacho. Tofauti iko katika umbo, mng'ao na jinsi kinavyohimili kidole, na mtu hujifunza kuitambua kwa mazoezi ya muda mrefu juu ya maelfu ya vifaranga. Tena lazima ifanyike ndani ya siku ya kwanza hivi. Baada ya hapo alama zinabadilika. Asiyefunzwa akimbana kifaranga anaweza kumpasua utumbo au kifuko cha kiini kilichobaki tumboni, naye akafa kwa maumivu. Usijaribu, na usimruhusu mtoto ajaribu.

"Angalia manyoya ya bawa"

Hii ni kweli, ila kwa baadhi ya kuku tu. Ukitanua bawa la kifaranga wa siku moja unaona safu mbili za manyoya machanga. Kwenye koo za kuku zilizoandaliwa kwa ajili hiyo, majike huwa na safu ya chini ndefu kuliko ya juu, na madume huwa na safu mbili zinazolingana, au ya juu ikiwa ndefu zaidi. Inatokea kwa sababu wazalishaji wamepandisha jogoo wa ukoo unaoota manyoya haraka na kuku wa ukoo unaoota polepole. Kasi hiyo inabebwa na kromosomu Z. Mama humpa mwanawe wa kiume Z yake, pamoja na huo upole wa manyoya. Binti hupokea Z ya baba tu, naye huota haraka.

Kuku wa kienyeji hajapangwa hivyo. Ukitanua mabawa ya vifaranga wake utaona tofauti, ndiyo, lakini ni za ukoo na za saa waliyoanguliwa. Aliyetoka alfajiri ana bawa refu kuliko aliyetoka jioni.

"Wa njano ni jogoo, wa kahawia ni tetea"

Imani hii imetoka mahali pa kweli, ndiyo maana ni ngumu kuing'oa. Kuku wa mayai wa kahawia wa makampuni makubwa, kama Isa Brown na Lohmann Brown, hutambulika kwa rangi siku ya kwanza: majike ni wa kahawia na madume ni wa njano iliyopauka. Baba amebeba rangi nyekundu, mama nyeupe, na rangi hiyo nayo husafiri kwenye Z. Weupe una nguvu kuliko wekundu, hivyo madume wanaoupokea kutoka kwa mama hutoka wamepauka.

Njia hii ina mwenzake upande wa mistari. Ukimpandisha jogoo mweusi au mwekundu asiye na mistari kwa kuku wa Plymouth Rock mwenye mistari, vifaranga wa kiume huanguliwa na doa jeupe utosini, na wa kike wana utosi mweusi mtupu. Mfugaji mdogo anaweza kabisa kufanya hivi mwenyewe, na mimi naiona ndiyo mbinu bora zaidi kwa anayetaka kujua mapema. Mwaka 1929 mwanasayansi Punnett wa Cambridge alitumia elimu hii kutoa Cambar, kuku ambao vifaranga wao hutofautiana kwa rangi kila kizazi.

Lakini mwelekeo una maana. Geuza, jogoo awe ndiye mwenye mistari halisi na kuku ndiye mweusi, na vifaranga wote watatoka na doa. Na hapa ndipo wengi wanapoumia: mtu ana kuku wa mayai wa kahawia, anamwingizia jogoo wa kienyeji, kisha anawauzia majirani vifaranga wa kahawia akiwaita matetea. Mpangilio ule ulikwisha kizazi kilichopita. Sasa rangi inategemea jogoo wake ana nini, nayo haisemi lolote kuhusu jinsia. Vilevile ukikuta vifaranga wa njano "wa kuku wa mayai" kwa bei ya chini mno sokoni, muulize muuzaji bila kuona haya, kwa maana hao ndio madume ambao vituo havina kazi nao.

"Mwenye mkia wa mapema na ujasiri ndiye jogoo"

Kwa wiki ya tatu na ya nne mara nyingi ni kinyume. Majike huwahi kuota mkia na manyoya ya mgongoni. Mapora, yaani majogoo wachanga, hubaki na mkia mfupi na mgongo wazi. Ujasiri nao haufai, kwani majike wadogo hupandishiana vifua vilevile.

Alama za kuaminika huja taratibu. Kuanzia wiki ya sita hivi, upanga wa kichwani na ndevu za chini ya mdomo za madume hukua na kuwa vyekundu, na miguu yao huwa minene, ila lazima uwalinganishe wa umri mmoja na aina moja. Kuku wa kuchi ana upanga mdogo hata akiwa jogoo kamili, kwa hiyo upanga pekee utakupotosha. Alama ninayoiamini zaidi ni manyoya ya shingoni na kiunoni, karibu na mkia, kati ya miezi miwili na mitatu na nusu: ya jogoo ni membamba, yana ncha na yanang'aa, na ya tetea yana ncha za duara. Manyoya hayo hayategemei upanga wala mwiba wa mguuni, ambao kwa jogoo huchelewa sana na kwa kuku jike mzee unaweza kuota pia.

"Akiwika ni jogoo, jike akiwika ni uchuro"

Mwaka 1474, katika mji wa Basel ulioko Uswisi ya leo, jogoo alishtakiwa kwa kutaga yai, akahukumiwa na kuchomwa moto. Hofu kama hiyo ipo kwetu, ila kwetu anayechinjwa ni jike aliyewika. Maelezo yapo. Kuku hutumia ovari moja, ya kushoto. Ikiugua au kuharibika, homoni za kike hupungua, na kuku huyo anaweza kuota upanga mkubwa na manyoya ya jogoo, kuacha kutaga, hata kuwika. Wengine huwika kwa sababu tu banda halina jogoo na wao ndio wakubwa wa kundi, huku wakiendelea kutaga. Na wapo waliokuwa majogoo tangu mwanzo, hasa kuchi, wakadhaniwa matetea kwa ajili ya upanga wao mdogo. Kabla ya kushika kisu, mtenge peke yake kwa siku kadhaa, kagua manyoya ya kiunoni, uone kama anataga.