Kijana wa kumi: kodi na kazi katika Arusha iliyobaki baada ya viwanda

Mzee mmoja mwenye karakana ya kushona mahema pale Unga Limited aliniita wiki iliyopita nikampigie hesabu. Ana mafundi tisa. Binti mmoja aliyemaliza chuo cha ufundi cha VETA amekuja kuomba kazi kwake mara tatu, na mashine ya kushonea turubai ipo pale ukutani imefunikwa gunia, haina mtu. "Mwanangu," akaniuliza, "nikimwandika huyu binti, nitadaiwa nini zaidi ya mshahara wake?" Nikatoa kikokotoo. Jibu lililotoka halikumfurahisha yeye, na mimi ndiyo kabisa. Nitalifikia, lakini kwanza nieleze tumefikaje hapa, maana swali lake naliona kuwa swali la mji mzima.

Unga Limited ni jina la kinu cha unga. Watoto wanaokulia pale leo wanalijua kama jina la kata na kituo cha daladala, basi. Ukishuka upande wa Themi na Njiro unakutana na majengo mengine ambayo wazee huyataja kama watu waliowafahamu: General Tyre, iliyoanza kutoa matairi 1971, serikali ikiwa na asilimia 74 na Continental ya Ujerumani asilimia 26, ikasimama 2009, na Kiltex, kiwanda cha nguo. Mji huu umewahi kupigwa kwa namna nyingine pia. Mwaka 1977 Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilivunjika, na makao yake yalikuwa hapa hapa. Mwisho wa 2015 Mahakama ya Kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, nayo ikiwa hapa mjini, ilifunga kazi zake. Mwaka 2020 korona ikawarudisha nyumbani madereva na wapagazi wa utalii.

Sisemi viwanda vimekufa vyote. Tanelec bado wanatengeneza transfoma, Sunflag wanashona, A to Z kule Kisongo wana vyandarua vyao. Ila yule kijana wa zamani aliyetoka kidato cha nne akijua mjomba atamwingiza kiwandani, hayupo tena. Siku hizi anatafuta nafasi kwenye karakana yenye watu saba, au anaomba mtaji wa fremu ya duka.

Mimi nilianza kazi nikiwa karani wa mishahara kwenye kiwanda kimoja cha hapa mjini. Slipu zilitoka kwenye karatasi ndefu yenye vitobo pembeni, nikawa nazikata kwa rula, moja moja, mamia yake. Mwezi wa mwisho nilikata slipu zenye nusu mshahara. Waliozipokea waliangalia namba ya chini kabisa, ile ya kupeleka nyumbani. Mimi nilikuwa naangalia za juu yake, zile za makato, nikawaza nani ataziba pengo hilo mjini.

Twende kwenye hesabu yenyewe. Mfanyakazi wa mshahara wa shilingi 600,000 anakatwa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 10, yaani 60,000. Kodi ya mshahara, PAYE, inapigwa kwenye 540,000 inayobaki. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, 270,000 za kwanza hazitozwi kitu, kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, na zinazofuata ni asilimia 20. Kwake inakuja 24,000, naye anapeleka nyumbani 516,000. Mwajiri naye anaongeza NSSF 60,000, asilimia 0.5 ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na tozo ya kuendeleza ufundi stadi, SDL, ambayo tangu Julai 2023 tumeipiga kwa asilimia 3.5. Kwa mtu huyo mmoja, PAYE na SDL ni 45,000 kwa mwezi. Chukua kiwanda cha watu 500 wa mshahara huo: milioni 22.5 kila mwezi, na pesa zote zinakusanywa kwenye dirisha moja, kwa karani mmoja, bila mtu kukimbizana na mtu. Hapo sijagusa ushuru wa huduma wa halmashauri, wala mama ntilie wa getini.

Kiwanda kikifungwa, pesa hiyo haipotei kwenye mahitaji ya serikali. Barabara inataka lami vilevile, zahanati inataka dawa vilevile. Inatafutwa kwa waliobaki, na waliobaki ni wadogo.

Hapa ndipo ninapowaomba wanaotaka kufungua biashara wakae chini wanisikilize. Mtu aliyezoea slipu anadhani kodi inafuata anachobaki nacho. Kwenye mshahara ni kweli. Kwenye biashara ndogo si kweli. Mfanyabiashara binafsi ambaye mauzo yake hayazidi milioni 100 kwa mwaka anatozwa kwenye mauzo, yale tunayoyaita makadirio. Mauzo yasiyozidi milioni 4 hayana kodi hiyo. Kati ya milioni 4 na 7, asiye na kumbukumbu za biashara zilizoandikwa analipa 100,000 kwa mwaka, na mwenye kumbukumbu analipa asilimia 3 ya kinachozidi milioni 4. Kati ya milioni 7 na 11, asiye na kumbukumbu analipa 250,000; mwenye nazo analipa 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7.

Sasa nikupe mama mwenye duka la rejareja Sombetini, sukari, mafuta ya kupima, sabuni ya mche. Anauza milioni 10 kwa mwaka, kama 27,000 kwa siku. Bidhaa za duka lile zina faida nyembamba sana, na wote tulionunua nusu kilo ya sukari tunajua. Tuseme akishalipia mzigo, fremu na umeme amebaki na milioni 1. Asipokuwa na kumbukumbu, 250,000 inaondoka, robo nzima ya jasho lake. Akiwa nazo ni 180,000. Mfanyakazi anayetozwa kwenye kipato hicho hicho cha milioni 1 kwa mwaka halipi PAYE hata senti. Angeweza kufika 3,240,000 bado asilipe.

Mchukue fundi cherehani wa Kaloleni mwenye mauzo hayo hayo ya milioni 10. Wateja wanaleta vitenge vyao, yeye anauza mkono wake. Uzi, vifungo, umeme na fremu vikitoka anabaki tuseme na milioni 6. Kodi yake, akiwa na kumbukumbu, ni ile ile 180,000. Mwenye mshahara unaotozwa wa 500,000 kwa mwezi, ambao kwa mwaka ni hiyo hiyo milioni 6, analipa PAYE 220,800. Yaani fundi huyu amelipa pungufu ya mwajiriwa, na mama wa duka, aliyebaki na sehemu ya sita tu ya kile cha fundi, amelipa sawa na fundi.

Rudia kuisoma aya hiyo kama unashika kiinua mgongo mkononi. Kila anayeachishwa kazi hapa anawaza duka, kwa sababu duka linaonekana na jirani analo. Mfumo wa makadirio unamwonea mwenye kuuza bidhaa za faida nyembamba na unampumzisha anayeuza ufundi. Sijui kama waliouandika walikusudia hivyo, lakini ndivyo unavyofanya kazi mezani kwangu kila robo mwaka. Ukiniuliza mimi uweke wapi pesa yako, nitakwambia weka kwenye mikono yako kwanza: cherehani, mashine ya kuchomelea, vifaa vya saluni. Shelfu za sukari zije baadaye.

Na nunua kaunta buku. Andika kila siku ulichouza, mstari mmoja unatosha, na risiti za ulichonunua zitie kwenye bahasha ya mwezi wake. Tofauti ya 250,000 na 180,000 ni 70,000. Daftari limegharimu pesa kidogo sana ukilinganisha. Watu wananijia mwishoni mwa Machi na mfuko wa plastiki wenye karatasi zilizofutika, nami nawapenda, lakini karatasi iliyofutika haimsaidii mtu mbele ya ofisa. Jambo moja la haraka: TIN, namba ya mlipakodi, haiuzwi. Anayekudai pesa ya kukutolea TIN anauza huduma yake binafsi. Na ukipanga fremu ujue kuna kodi ya zuio ya asilimia 10 kwenye pango. Kisheria ni pesa ya mwenye nyumba, wewe unaikata kwenye malipo yake na kuipeleka. Wenye nyumba wengi wanakataa, mpangaji anajikuta ameilipa yeye juu ya pango la miezi sita. Izungumzeni kabla ya kusaini, mkataba ukiwa bado mezani.

Sasa kazi za ufundi ziko wapi? Zipo, ila zimehamia nyuma ya mageti ya mabati. Ingia gereji zinazohudumia magari ya utalii uone Land Cruiser inavyokatwa katikati, ikarefushwa, paa likatengenezwa la kuinuka ili mgeni asimame kumwona simba. Hiyo ni kazi ya chuma, ya vipimo, ya mtu aliyefundishwa. Viti vinashonwa upya. Mahema ya kambi za Serengeti na ya kupandia Kilimanjaro yanashonwa na kutiwa viraka hapa hapa mjini. Baadhi ya mikono ya zamani ya viwandani iliishia kwenye karakana hizi na ikafundisha mingine. Nimemwona mzee aliyezeekea kwenye mitambo ya nguo akimshika kijana kidole na kumwonyesha jinsi ya kusikia, kwa kidole hicho, kama uzi umekaza mno. Kwangu mimi hicho ni kiwanda, hata kama hakina bomba la moshi.

Tatizo ni kwamba karakana hizi hazikui. Nina wateja kadhaa wenye watu wanane au tisa, miaka nenda rudi. Hii inanirudisha kwa mzee wa mahema.

SDL inamhusu mwajiri mwenye wafanyakazi kuanzia 10. Zamani ilianzia kwa wanne. Mwaka 2021 ikapandishwa hadi 10, na ilikuwa hatua njema. Lakini angalia inavyoanza. Ukiwa na tisa hulipi kitu. Ukiandika wa kumi, hulipi kwa huyo wa kumi peke yake. Unalipa kwa wote kumi. Mafundi wa mzee wanalipwa 400,000 kila mmoja. Binti akiandikwa kwa mshahara huo, mzee anaongeza NSSF 40,000 na mfuko wa fidia 2,000, jumla 442,000. Juu yake inakuja SDL ya milioni 4 nzima, 140,000. Binti mmoja amegharimu 582,000 kwa mwezi. Yeye mwenyewe, NSSF na PAYE zikishatoka, anapeleka nyumbani 352,800.

Mtu wa kumi na moja angegharimu 456,000 tu. Kumbe ukuta wote uko kwenye mtu mmoja, yule wa kumi.

Inaniuma kwa sababu sehemu ya SDL huenda VETA. Binti huyu alifundishwa kwa pesa hiyo, na sasa pesa hiyo hiyo imesimama mlangoni anapotaka kuingia. Mzee aliniuliza kama anaweza kumlipa mkononi bila kumwandika. Nikamkatalia, na nikamweleza sababu: sindano ya mashine ya turubai ikipita kwenye kidole, asiyeandikwa ataanza kuhangaikia fidia yake huku anatoka damu. Mzee ana mabinti. Hakuniuliza tena.

Ninachokiomba, na nimekisema kwenye kila kikao cha wafanyabiashara nilichoalikwa, ni kitu kidogo: SDL ipande kwa ngazi kama PAYE inavyopanda. Tisa wa kwanza wasiguswe hata karakana ikifika watu 30. Tozo ianze kuhesabiwa kwa wa kumi na kuendelea. Kwa mzee ingekuwa 14,000 badala ya 140,000. Najua hazina ingepungukiwa kwa kila kiwanda kikubwa, lakini 126,000 kwa mwezi kwa kiwanda cha watu 500 hakisikii. Kwa karakana ya Unga Limited ni mshahara wa wiki moja na zaidi wa fundi.

Sheria haibadiliki wiki hii, kwa hiyo tulirudi kwenye turubai. Nilimuuliza mzee hema dogo la mlimani linamwachia kiasi gani akishatoa turubai, kamba na zipu. Akasema 150,000. Nikaandika 582,000 juu ya kipande cha boksi, nikagawa. Mahema manne kwa mwezi yanambeba binti, la nne likiwa na chenji ndogo. Yakiwa chini ya hapo, anamlipa kutoka mfukoni. Na kama oda za Juni, wageni wanapoanza kujaa, zikimruhusu kuchukua wawili kwa pamoja, gharama ya kila mmoja inashuka hadi 519,000.

Mzee alikiangalia kile kipande cha boksi muda mrefu. Kisha akamuuliza binti, aliyekuwa amekaa kwenye benchi la nje muda wote huo, anaweza kushona hema moja kwa siku ngapi. Binti akasema nne, tano kama kuna baridi na vidole vimekufa ganzi. Mzee akahesabu kwa midomo. Akainuka, akaenda ukutani, akalitoa lile gunia kwenye mashine na kulikung'uta vumbi mlangoni.