Risasi Iliyopigwa Hewani Haigeuki Kokoto

Kwa miaka mingi umekuwa ukizunguka katika makundi ya WhatsApp ujumbe unaodai kwamba jaribio la televisheni huko Marekani lilithibitisha kuwa risasi iliyopigwa juu hurudi chini bila kumdhuru mtu, hivyo kufyatua bunduki harusini ni mbwembwe tu. Dai hilo limebeba nusu ya ukweli.

Ni kweli kwamba risasi iliyopigwa wima kabisa hupanda hadi ikasimama, kisha huanguka ikibiringika au kitako kikitangulia, huku ukinzani wa hewa ukiizuia kushika kasi. Risasi ya bunduki ya kivita hutoka mtutuni kwa zaidi ya mita 700 kwa sekunde, lakini ikianguka hivyo hushuka kwa mita 90 hivi kwa sekunde au pungufu. Hata hivyo, mita 60 hivi kwa sekunde zinatosha kupasua ngozi. Tena, ni msherehekeaji gani anayepima nyuzi 90? Mkono ukiinama, risasi hufuata mkunjo, huendelea kuzunguka, ncha ikiwa mbele, na huangukia mbali ikiwa bado na kasi ya kuua.

Watu huchanganyikiwa kwa sababu kipande cha video kinachosambazwa huishia kwenye jaribio la wima. Anayetaka kuhakiki atazame kipindi kizima na masharti ya jaribio, kisha asome majarida ya tiba, ambamo madaktari wameeleza vifo vilivyosababishwa na risasi zilizoanguka. Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze, na umweleze aliyeutuma tofauti kati ya wima na mshazari.