SQLSTATE na SQLERRM: vigeu viwili vinavyoeleza kosa ndani ya PL/pgSQL

Jumatatu moja asubuhi, nikiwa bado nyumbani hapa Nakuru, nilipigiwa simu na karani wa kituo cha kukusanyia maziwa upande wa Molo. "Injinia, lita za jana jioni zimekataa kuingia," akasema. Nilimwuliza simu yake inaonyesha nini. "Inaandika Kuna hitilafu, jaribu tena. Nimejaribu mara nne sasa." Nyuma yake nilisikia mikebe ikigongana, kwa maana wafugaji wa zamu ya asubuhi walikuwa wamekwisha kufika na foleni ilikuwa inaanza.

Niliifungua fanksheni iliyokuwa ikipokea orodha ya zamu nzima na kuiingiza kwenye hifadhidata ya PostgreSQL; ilikuwa imeandikwa kwa PL/pgSQL, lugha ya kuandika programu ndani ya hifadhidata hiyo. Aliyeiandika alikuwa ameondoka kabla sijakabidhiwa mfumo huo. Mwishoni mwa bloku kulikuwa na WHEN OTHERS, yaani tawi la kunasa kosa lolote lile, na chini yake mstari mmoja wa kurudisha maneno yale yale aliyonisomea karani. Hapo ndipo tatizo lilipokuwa. Seva ilikuwa imetambua kosa, imelipa msimbo, imeandika maelezo yake na hata kutaja thamani iliyolisababisha, lakini fanksheni ilikuwa imeyapokea hayo yote na kuyatupa, kisha ikamkabidhi karani sentensi isiyomsaidia yeye wala mimi.

Niliongeza maneno mawili tu kwenye ujumbe ule, SQLSTATE (msimbo wa kosa) na SQLERRM (maelezo yake), pamoja na kigeu kilichokuwa kikishika namba ya mfugaji anayeshughulikiwa. Karani alipojaribu mara ya tano, jibu lilikuja na msimbo 22P02, namba ya mfugaji, na maelezo kwamba "12,5" haiwezi kusomwa kama namba. Simu mpya ya kituo ilikuwa na kibodi inayoweka mkato mahali pa nukta. Kwa sababu ya mkato huo mmoja, lita za kituo kizima zilikuwa zimekaa nje ya hesabu tangu jioni.

Vigeu hivi havikuwapo tangu mwanzo. PL/pgSQL, iliyoandikwa na Jan Wieck kwa kufuata sura ya PL/SQL ya Oracle, iliingia katika PostgreSQL toleo la 6.4 mwaka 1998, na kwa miaka zaidi ya sita haikuwa na njia yoyote ya kunasa kosa: likitokea, muamala mzima, yaani kundi la mabadiliko yanayokubaliwa au kufutwa kwa pamoja, ulikufa. Toleo la 8.0, lililotoka Januari 2005, ndilo lililoleta sehemu ya EXCEPTION. Lakini ndani ya sehemu hiyo ulichoweza kujua ni kile tu ulichokuwa umekitaja wewe mwenyewe. Ukiandika WHEN unique_violation, ulijua kwamba kanuni ya upekee imevunjwa. Ukiandika WHEN OTHERS, ulijua kwamba kuna jambo limeharibika, basi. Toleo la 8.1, la Novemba mwaka huo huo, likaongeza SQLSTATE na SQLERRM, kazi iliyoanzia kwenye kiraka cha Pavel Stehule wa Ucheki, mtu ambaye mchango wake katika lugha hii ni mkubwa sana.

Swali gumu katika nyongeza ya aina hii ni mahali vigeu vyenyewe vinapoishi, kuliko hata vinavyobeba nini. Katika Oracle, SQLCODE na SQLERRM ni fanksheni unazoweza kuziita popote, na ukiiita SQLCODE nje ya sehemu ya kushughulikia kosa inakurudishia sifuri. PL/pgSQL ilichagua njia nyingine, na mimi naiona kuwa bora: vigeu hivi vinazaliwa pale kompaila inapokutana na neno EXCEPTION na vinakoma bloku inapofungwa. Ni vigeu vya aina ya text, tena vya kudumu, kwa hiyo ukijaribu kuandika SQLSTATE := '00000' utakataliwa. Ukivitaja juu, kabla ya EXCEPTION, utaambiwa hakuna kitu chenye jina hilo. Bloku iliyo ndani ya bloku ikinasa kosa lake, ina nakala zake yenyewe, na zile za bloku ya nje hubaki salama hadi utakaporudi kwake. Mpaka huu unamkinga mwandishi asije akasoma kosa la saa iliyopita akidhani ni la sasa.

Kosa linapotokea, mambo huenda hivi. Bloku yenye EXCEPTION huwa imefungua muamala mdogo wa ndani ilipoanza. PL/pgSQL hunakili taarifa zote za kosa mahali salama, huusafisha mrundiko wa makosa wa seva, hufuta kila kilichofanywa na muamala ule mdogo, ndipo huanza kutafuta WHEN inayolingana, na ikiipata huvijaza vigeu vyake viwili. Msimbo wenyewe una herufi tano, lakini ndani ya seva umefungwa kama namba moja, kila herufi ikipewa biti sita, jumla biti 30; kwa hiyo kabla ya kuwekwa kwenye SQLSTATE hufunguliwa kwanza uwe herufi tena. Jambo linalopaswa kukumbukwa hapa ni kwamba kinachofutwa ni mabadiliko ya kwenye majedwali peke yake. Vigeu vya fanksheni hubaki na thamani vilizokuwa nazo kosa lilipotokea, na ndiyo sababu namba ya mfugaji wa lita 12,5 ilikuwapo bado nilipoihitaji, ingawa mistari yote iliyokwisha kuingizwa kabla yake ilikuwa imefutika.

Msimbo wa herufi tano husomwa kwa sehemu mbili: herufi mbili za mwanzo ni aina ya kosa, tatu zinazofuata ni kosa lenyewe. 22 ni data isiyofaa, 23 ni kuvunjwa kwa kanuni za uadilifu wa data, 40 ni muamala uliolazimika kurudishwa nyuma. Kwetu sisi wa maziwa tofauti hizo zina uzito wa kila siku. 23505 kwa kawaida ina maana kwamba mtandao ulikatika baada ya data kupokelewa na simu ikaituma tena, kwa hiyo hakuna wa kuitwa. 23503 ina maana kwamba namba ya mfugaji haimo kwenye daftari, na hapo ni lazima mtu aende kuuliza. 40P01 ni miamala miwili iliyosubiriana hadi seva ikaukatiza mmoja, na dawa yake ni kurudia. 40001, yaani muamala uliogongana na mwingine uliokwenda sambamba nao, nayo hurudiwa, ila ni lazima muamala mzima uanzwe upya kutoka nje, kwa kuwa kurudia ndani ya fanksheni ile ile kutatumia picha ile ile ya data iliyokwisha kupitwa na wakati.

Ninasisitiza kwamba maamuzi yafanywe kwa SQLSTATE au kwa jina la kosa, na SQLERRM iachwe iwe ya kusomwa na binadamu. Maneno ya SQLERRM hufuata lugha ambayo seva imewekewa kwenye lc_messages, na huweza kubadilishwa toleo jipya linapotoka. Nimeona programu iliyokuwa ikitafuta neno "duplicate" ndani ya ujumbe; iliacha kufanya kazi siku seva ilipohamishiwa kwenye mashine iliyowekwa kwa Kifaransa.

SQLERRM pia ina upungufu ambao wengi hawauoni mapema: ina ujumbe mkuu peke yake. Itakwambia kanuni ya upekee fulani imevunjwa, lakini thamani zilizogongana zimo kwenye maelezo ya ziada, ambayo haiyabebi. Hayo yalipata mlango wake katika toleo la 9.2 la mwaka 2012, kwa amri ya GET STACKED DIAGNOSTICS, na toleo la 9.3 la mwaka uliofuata likaongeza majina ya jedwali, safuwima na kanuni inayohusika. Fanksheni yetu ya sasa hupokea mfugaji mmoja mmoja, na kwa ufupi iko hivi:

```
CREATE FUNCTION ingiza_maziwa(p_mfugaji int, p_zamu text, p_lita text)
RETURNS text LANGUAGE plpgsql AS $$
DECLARE
  v_kanuni text;
  v_undani text;
  v_njia   text;
BEGIN
  INSERT INTO mapokezi (mfugaji, tarehe, zamu, lita)
  VALUES (p_mfugaji, current_date, p_zamu, p_lita::numeric);
  RETURN 'sawa';
EXCEPTION WHEN OTHERS THEN
  GET STACKED DIAGNOSTICS
    v_kanuni = CONSTRAINT_NAME,
    v_undani = PG_EXCEPTION_DETAIL,
    v_njia   = PG_EXCEPTION_CONTEXT;
  IF v_kanuni = 'mapokezi_zamu_moja' THEN
    RETURN 'imeshaingia';
  END IF;
  INSERT INTO makosa (wakati, msimbo, ujumbe, kanuni,
                      undani, njia, mfugaji, zamu, lita)
  VALUES (clock_timestamp(), SQLSTATE, SQLERRM, v_kanuni,
          v_undani, v_njia, p_mfugaji, p_zamu, p_lita);
  RETURN SQLSTATE;
END;
$$;
```

Nimelinganisha jina la kanuni badala ya kuandika WHEN unique_violation kwa sababu maalumu. Jedwali likiwa na kanuni mbili za upekee, au likiwa na triga (fanksheni inayojiendesha yenyewe jedwali linapobadilishwa) inayoandika kwenye jedwali jingine, unique_violation itanasa zote bila kubagua, na fanksheni itajibu "imeshaingia" kwa maziwa ambayo hayajaingia kamwe. Kwa mfugaji hilo ni fedha yake ya mwisho wa mwezi, na hatakuwa na njia ya kujua ilipopotelea. Vilevile, lita zimepokelewa kama text kwa makusudi, ili ubadilishaji kuwa namba ufanyike ndani ya bloku inayoweza kunasa kosa. Kama kigezo kingekuwa numeric, "12,5" ingekataliwa mlangoni kabla fanksheni haijaanza, na jedwali la makosa lisingepata kitu.

Kuna mtego mmoja uliowahi kunipotezea siku nzima. Ukiandika kosa kwenye jedwali la makosa, kisha ukaliinua tena kwa RAISE ili aliyeita fanksheni alione, muamala wa nje utarudishwa nyuma na mstari ule wa makosa utaondoka pamoja nao. PostgreSQL haina muamala unaojitegemea kama ule wa Oracle, unaobaki hata ule wa nje ukifutwa. Kwa hiyo ni lazima uchague: ama urudishe msimbo kama jibu la kawaida bila kuinua kosa, kama nilivyofanya hapo juu, ama uliinue na uandike kumbukumbu kwa RAISE LOG, ambayo huenda kwenye logi ya seva na haifutwi na kurudishwa nyuma kwa muamala. Wako pia wanaofungua muunganisho wa pili kwa dblink, kiendelezi cha kuunganisha hifadhidata kutoka ndani ya nyingine. Inawezekana, lakini sipendi kuongeza muunganisho katika dakika ile ile ambapo mambo yanaharibika.

Mtego mwingine ni wa wale wanaopenda kuwa na fanksheni moja ya pamoja ya kuandika makosa. Vigeu hivi havivuki mpaka wa fanksheni. Ukiita andika_kosa() kutoka ndani ya EXCEPTION, humo ndani SQLSTATE haijulikani, na GET STACKED DIAGNOSTICS nayo itakataa kwa msimbo 0Z002. Vipitishe kama vigezo: andika_kosa(SQLSTATE, SQLERRM, v_undani). Ni herufi chache za ziada, na anayesoma ataona wazi taarifa imetoka wapi.

Yako makosa ambayo bloku haitayaona. WHEN OTHERS hainasi kukatizwa kwa ombi, 57014, wala kushindwa kwa ASSERT (amri ya kuhakiki sharti ndani ya fanksheni), P0004, na ni vyema hivyo. Ufunguo wa kigeni, yaani kanuni inayodai thamani iwe imo kwenye jedwali jingine, uliowekwa kama INITIALLY DEFERRED hukaguliwa muamala unapofungwa, wakati fanksheni imekwisha kurudisha "sawa". Tulikuwa na mmoja wa namna hiyo kwenye jedwali la mapokezi, nami niliuondolea ucheleweshaji huo.

Kuhusu gharama: kufungua muamala mdogo kwa kila mfugaji si bure, na kila mmoja unaoandika data hupewa namba yake ya muamala. Zikizidi 64 katika muamala mmoja wa nje, nafasi ambayo seva imemtengea mteja huyo hujaa, na wateja wengine huanza kutafuta taarifa hizo kwa njia ndefu zaidi. Kwa kituo cha maziwa mzigo huo haujaonekana, kwa kuwa programu ya simu humtuma kila mfugaji kwa muamala wake. Ningekuwa naingiza mamilioni ya mistari usiku, ningesafisha data kwanza kwenye jedwali la muda, kisha niiingize kwa mkupuo bila EXCEPTION.

Siku hizi karani hafungui mlango wa kituo kabla ya kulisoma jedwali la makosa, ambalo programu yake huliorodhesha kwa namba ya mfugaji, zamu, na lita kama zilivyoandikwa. Misimbo ya 22 huirekebisha mwenyewe. Ile ya 23503 huiandika kwenye daftari lake na kumwuliza mfugaji anapofika na mkebe: "Baba, hii namba ni yako au ni ya mama?" Mara nyingi huwa ni ya mama.