Mmea Unaotambaa Usioujua: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Mvua zikishakolea huku kusini, Lindi na Mtwara, kiwanja cha nyumba hubadilika upesi. Mmea ambao hakuna aliyeupanda unachomoza chini ya mwembe, unauzonga uzio, na kila jirani anayepita ana jina la kuupa. Wanasema kwa nia njema, lakini jina la haraka linaweza kumpeleka mtu hospitali.

"Una viazi chini, basi ni ming'oko." Dhana hii ndiyo ninayoihofia kuliko zote. Ming'oko tumekulia: inachemshwa, inauzwa barabarani, inaliwa kwa chumvi na pilipili. Ila ndiga nayo ni ya jamii hiyohiyo ya viazi vikuu. Nayo hujizonga mitini na kuficha viazi ardhini, na ile ya porini ina sumu ya aina ya dioskorini, inayoshambulia mishipa ya fahamu hadi mtu akapata degedege. Tofauti inaonekana hata kabla hujashika jembe. Jani la ming'oko ni zima. La ndiga limegawanyika vipande vitatu kwenye kikonyo kimoja, na shina lake mara nyingi lina miiba.

Wapo wanaosema ndiga ikichemshwa sumu inakwisha. Haiishi. Wazee walioila wakati wa njaa waliikata vipande vyembamba, wakailoweka kwa siku kadhaa na kubadilisha maji, ndipo wakaipika. Ukitafuta intanetini utakuta mapishi yake ya Nigeria na Kamerun, lakini huko ipo aina inayolimwa, isiyo chungu. Usiyafuate kwa kiazi ulichokichimba nyuma ya nyumba.

"Vijani vitatu? Huo upupu." Huenda. Lakini maharage nayo yana vijani vitatu, na ndiga kama nilivyosema. Shina la upupu halina miiba, na mwasho wake mkali umo kwenye malaika yanayofunika maganda. Ukiona maganda ya kahawia laini kama mahameli, kaa mbali nayo, hasa kukiwa na upepo.

"Ndege wanakula, basi haina sumu." Tumbo la ndege si la mtoto. Mtipitipi una vijani vidogo vilivyopangana kama vya mkwaju, na punje nyekundu zenye doa jeusi, macho ya tipitipi, ambazo watoto huziokota kwa uzuri wake. Punje ikimezwa nzima, ganda gumu linaweza kuizuia sumu isitoke. Ikitafunwa au kutobolewa ili itungwe shanga, abrini iliyomo ndani ni miongoni mwa sumu kali kuliko zote za mimea. Dalili zinaweza kuchelewa kwa saa nyingi, kwa hiyo mtoto aliyetafuna apelekwe hospitali mara moja, hata kama anacheza.

Na picha ya simu? Inasaidia kuanzia, haitoshi kuamulia, hasa ikiwa ni ya jani moja. Subiri mmea utoe maua na matunda. Kata tawi lenye vyote, ulikaushe katikati ya magazeti chini ya kitu kizito, kisha ulipeleke kwa wataalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au Hebaria ya Afrika Mashariki, ghala la mimea iliyokaushwa lililoko Nairobi. Andika mahali na tarehe uliyolikata, na rangi ya maua yakiwa mabichi, maana yakikauka hupauka.