Majadiliano ya kidini: Kanisa Katoliki lina maana gani linaposema hivyo?

Mtu aliyekulia Dar es Salaam, Tanga au Mombasa akisikia "majadiliano ya kidini", mawazo yake hukimbilia kwenye mihadhara. Uwanja umejaa, spika zinanguruma, mmoja ana Biblia na mwingine ana Kurani (mara nyingine wote wawili wameshika Biblia), na umati unashangilia kila mmoja anapombana mwenzake kwa aya. Kanisa Katoliki linatumia maneno hayohayo, lakini jambo lenyewe ni jingine kabisa.

Lawama kidogo iliendee neno. "Jadili" limetujia kutoka Kiarabu, na huko lilikotoka lina harufu ya ubishi. Papa Paulo VI alipoandika waraka wake wa kwanza, Ecclesiam Suam, Agosti 1964, neno la Kilatini alilolitumia ni colloquium, yaani mazungumzo. Ningeulizwa mimi, tungesema "mazungumzo ya kidini", maana Waswahili wanajua kuzungumza ni nini: unatoka nje jioni, unakaa barazani na jirani, kahawa inapita, na hakuna anayetafuta kushinda. Lakini "majadiliano" ndiyo yameshaingia kwenye vitabu na kwenye mahubiri, basi tuendelee nayo.

Nyaraka za Vatikano za mwaka 1984 na 1991 zinayaeleza hivi, kwa maneno yangu: ni mahusiano yote mema kati ya Wakristo na watu wa imani nyingine, yenye shabaha ya kufahamiana na kufaidiana, bila kuuficha ukweli na bila kuuminya uhuru wa mtu. Zinataja sura nne. Kuna majadiliano ya maisha, yaani ujirani. Kuna ya matendo, watu wa dini mbalimbali wanaposhirikiana kuchimba kisima au kutetea wanaoonewa. Kuna ya wataalamu, wanaokaa na maandiko yao. Na kuna ya kiroho, watu wa sala wanaposimuliana jinsi wanavyomtafuta Mungu. Mahubiri mengi hukimbilia hiyo ya tatu, labda kwa sababu ndiyo yenye makongamano na picha. Kwetu huku ya kwanza ndiyo imebeba mzigo wote.

Mwanetu alipopokea Komunyo ya Kwanza tulinunua mbuzi wawili. Aliyekuja kuchinja ni jirani Mwislamu. Alifika alfajiri na kisu chake, akawalaza mbuzi wakielekea kibla, akataja jina la Mungu, akanawa mikono, akawahi kazini. Mchana mkewe na watoto walikula pilau pamoja nasi. Hakuna aliyegusia Utatu Mtakatifu. Tulimwita yeye kusudi nyama hiyo kila mgeni aweze kuila, na desturi hiyo imeenea Tanzania kiasi kwamba watu hawaioni tena kama jambo la kidini. Thamani yake ilionekana ilipovunjika: mwaka 2013, Kanda ya Ziwa, swali hilohilo la nani achinje lilizua ugomvi hadi damu ikamwagika.

Sasa, mtu mwenye kumbukumbu atauliza: si Kanisa hilihili lililofundisha kwamba nje yake hakuna wokovu? Ndilo. Maneno hayo yana asili kwa Mtakatifu Sipriani, askofu wa Karthago katika karne ya 3, ambaye alikuwa akiwakemea Wakristo waliojitenga na Kanisa; hakuwa akipiga hesabu ya watu ambao hawajawahi kumsikia Kristo. Lakini baadaye yalikazwa. Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Firenze, Italia, mwaka 1442 ulitamka wazi kwamba wapagani, Wayahudi na waliojitenga wataingia moto wa milele wasipojiunga na Kanisa kabla ya kufa. Hakuna namna ya kuyalainisha maneno hayo, na sioni faida ya kujifanya hayakuandikwa.

Kilichobadilika ni jinsi yanavyoeleweka, na mabadiliko hayakuanza na Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962–1965) kama wengi wanavyodhani. Miaka ya 1940, padre Mjesuiti wa Boston aitwaye Leonard Feeney alifundisha kwamba asiye Mkatoliki kwa ubatizo wa maji amepotea, basi. Mwaka 1949 Roma ilimwandikia askofu mkuu wa mji huo ikikanusha ufafanuzi huo: mtu asiyelijua Kanisa bila kosa lake anaweza kuwa na shauku ya Mungu ambayo ndani yake mna shauku ya Kanisa, hata kama mwenyewe hajui. Feeney hakukubali, akaitwa Roma, hakwenda, na mwaka 1953 akatengwa na Kanisa kwa ukaidi. Alipatanishwa nalo mwaka 1972. Kwa hiyo mtu aliyeshikilia kuliko wote kwamba nje ya Kanisa hakuna wokovu aliishi karibu miaka 20 akiwa nje.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulilichukua fundisho hilo na kuliweka wazi katika hati yake kuhusu Kanisa, Lumen Gentium, namba 16: wasioijua Injili bila kosa lao, lakini wanamtafuta Mungu kwa moyo mnyofu na kwa msaada wa neema wanajitahidi kutenda kile dhamiri inachowaonyesha, wanaweza kupata wokovu wa milele. Angalia neno "neema". Hawaokolewi na juhudi zao, na kwa Mkatoliki neema hiyo yote inatoka kwa Kristo hata pale jina lake lisipotajwa.

Tamko lenyewe kuhusu dini nyingine ni Nostra Aetate, la tarehe 28 Oktoba 1965. Ndilo fupi kuliko hati zote 16 za Mtaguso, lina vipengele vitano tu, na maaskofu 2,221 walilikubali dhidi ya 88. Mwanzoni halikukusudiwa kuzihusu dini zote. Juni 1960 mwanahistoria Myahudi wa Ufaransa, Jules Isaac, aliyempoteza mkewe na bintiye mikononi mwa Wanazi, alimwendea Papa Yohane XXIII kumwomba Kanisa liache kufundisha dharau dhidi ya Wayahudi. Papa akamkabidhi kazi hiyo Kardinali Augustin Bea, mkuu wa ofisi ya Vatikano ya umoja wa Wakristo. Maaskofu wa nchi za Kiarabu wakahofia hati kuhusu Wayahudi peke yao ingesomwa kisiasa. Wa Asia na Afrika nao wakauliza, je, majirani zetu sisi? Ndivyo aya kuhusu Wayahudi ilivyopata ndugu zake.

Kuhusu Waislamu, tamko linasema Kanisa linawatazama kwa heshima, kwa kuwa wanamwabudu Mungu mmoja aliye hai, mwenye huruma, muumba wa mbingu na nchi. Linasema pia wanamheshimu Yesu kama nabii ingawa hawamkiri kuwa Mungu, wanamheshimu Bibi Mariamu, na wanathamini sala, sadaka na kufunga. Kwa dini zote linasema Kanisa halikatai chochote kilicho cha kweli na kitakatifu ndani yake. Dini zetu za jadi hazikutajwa kwa jina. Uhindu na Ubudha vimetajwa; imani za babu zetu zimefunikwa na sentensi moja kuhusu mataifa mbalimbali kutambua nguvu fulani iliyofichika. Paulo VI alirudi kuzizungumzia mwaka 1967 katika ujumbe wake kwa Afrika, Africae Terrarum, lakini pengo lile kwenye tamko bado linaonekana.

Linalowachanganya wengi ni hili: kama kuna ukweli kwingine, kuhubiri kuna haja gani? Jibu rasmi ni kwamba majadiliano na kuhubiri ni vitu viwili, vyote ni kazi ya Kanisa, na kimoja hakisimami mahali pa kingine. Mwaka 2000 idara ya mafundisho ya imani, chini ya Kardinali Ratzinger (baadaye Papa Benedikto XVI), ilitoa hati Dominus Iesus kuwaonya wanataalimungu, yaani wasomi wa mambo ya Mungu, waliokuwa wakielekea kusema kwamba Kristo ni njia mojawapo kati ya nyingi. Hati ile iliwaudhi watu wengi, ila fundisho lake halikuwa geni. Usawa katika majadiliano, ilisema, ni wa heshima ya watu wanaozungumza. Mafundisho yao hayalingani.

Mvutano huo haujaisha. Tarehe 4 Februari 2019, Abu Dhabi, Papa Fransisko na Imamu Mkuu wa Al-Azhar (msikiti na chuo kikuu cha Kiislamu mjini Kairo), Ahmad al-Tayyeb, walitia saini hati ya udugu inayosema tofauti za dini, rangi, jinsia, asili na lugha zimetakwa na Mungu katika hekima yake. Je, Mungu alitaka dini ziwe nyingi kama alivyotaka wanaume na wanawake? Maaskofu kadhaa walishtuka. Miezi miwili baadaye Papa alifafanua kwamba wanataalimungu hutofautisha kile Mungu anachokitaka na kile anachokiruhusu, na kwamba dini nyingi ziko kwa ruhusa yake. Kwa maoni yangu ufafanuzi unatosha, lakini ungekaa vizuri zaidi ndani ya hati yenyewe.

Limebaki swali ambalo waamini huliuliza kuliko yote: naruhusiwa kusali na Mwislamu? Papa Yohane Paulo II alilikuta mwaka 1986, alipowaalika viongozi wa dini mbalimbali mjini Assisi, Italia, kuombea amani tarehe 27 Oktoba. Alisema hawaendi kusali pamoja, wanaenda kuwa pamoja ili kusali. Kila kundi lilipewa mahali pake mjini, likasali kwa namna yake, kisha wote wakakutana, kila dini ikatoa sala yake kwa zamu na wengine wakinyamaza.

Kwenye msiba wa jirani mambo huenda vivyo hivyo bila mtu kufundishwa. Mkatoliki anavua viatu, anakaa mkekani. Fatiha inaposomwa anainamisha kichwa na kunyamaza, huenda anamsalia marehemu Baba Yetu moyoni. Dua ikiisha, sinia linaletwa, na anasogezwa karibu na wenzake watatu walionyoosha mikono.